Padre Dick Sheppard na Mlango Usiofungwa

Kila mwaka tarehe 11 Novemba kalenda ya Kanisa letu hutukumbusha Mtakatifu Martin, Askofu wa Tours. Habari zake sote twazijua. Alipokuwa bado askari, na kabla hajabatizwa, alimkuta maskini aliye uchi kwenye lango la mji wa Amiens wakati wa baridi kali. Akalikata joho lake vipande viwili kwa upanga, akampa yule maskini kipande kimoja. Katika toleo hili twapenda kuwaletea wasomaji wetu maisha ya kasisi mmoja aliyelichunga kanisa lenye jina la mtakatifu huyo, katikati ya mji wa London, na ambaye kwa muda wa miaka 12 alijitahidi kuligawa joho lile kila siku ya juma. Jina lake kamili lilikuwa Hugh Richard Lawrie Sheppard, lakini wakubwa kwa wadogo walimwita Dick.

Hatumleti mbele yenu kwa kuwa alikuwa mtu asiye na upungufu. Alikuwa nao, na tutautaja. Twamleta kwa sababu swali lililomsumbua yeye ndilo linalotukabili sisi katika kila parishi: kanisa ni la nani, nalo lafanya kazi gani tangu Jumatatu mpaka Jumamosi?

Ujana wake

Dick Sheppard alizaliwa tarehe 2 Septemba 1880 huko Windsor, palipo na ngome ya wafalme wa Uingereza. Baba yake, Edgar Sheppard, alikuwa kasisi aliyehudumu katika kanisa la kifalme pale ngomeni. Kwa hiyo kijana huyu alikua akiwaona wakubwa wa nchi wakiingia na kutoka, na ibada kwake ilikuwa jambo la kila siku. Alipelekwa shule ya Marlborough, ambako hakuwa na furaha. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge.

Vita vya Makaburu vilipokuwa vikiendelea Afrika ya Kusini alijitolea kwenda kupigana. Lakini gari la farasi alilopanda kwenda stesheni lilipata ajali, akaumia mguu, na mguu huo haukupona kabisa maisha yake yote. Hivyo yule aliyetaka kuwa askari hakufika vitani. Wasomaji wataona mbele jinsi habari za vita zilivyomfuata hata hivyo.

Alipomaliza masomo alikwenda kuishi Bethnal Green, upande wa mashariki wa London, penye nyumba iliyoitwa Oxford House. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1884 ili vijana waliotoka vyuo vikuu wakae pamoja na watu maskini, wafanye urafiki nao, na kuwasaidia katika vilabu na mafunzo. Huko ndiko alikojua njaa ilivyo, na chumba kimoja kinavyolaza jamaa nzima, na jinsi mtu asiye na kazi anavyoona aibu hata kuingia kanisani kwa sababu ya nguo zake. Sheppard alikuwa na kipawa kimoja kikubwa: alipozungumza na mtu, mtu huyo alijiona kama hakuna mwingine duniani ila yeye. Kipawa hicho hakikumwacha mpaka kufa.

Kwa muda fulani alikuwa mwandishi wa Askofu wa Stepney, Cosmo Gordon Lang, ambaye baadaye alikuja kuwa Askofu Mkuu wa York, kisha wa Canterbury. Askofu Lang alimpenda kama mwanawe, na kwa msaada wake kijana alikubali wito wa ukasisi. Alisoma katika chuo cha Cuddesdon, akafanywa shemasi mwaka 1907 na kasisi mwaka 1908. Akarudi Oxford House, na mwaka 1909 akawa mkuu wake. Lakini alifanya kazi pasipo kupumzika, mwili ukamshinda. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tunayoiona habari ambayo ilijirudia maishani mwake: alijitoa kupita nguvu zake, akaanguka, akainuka, akajitoa tena.

Kanisa penye njia panda

Mwaka 1914 alipewa kazi ya kuwa kasisi wa parishi ya Mtakatifu Martin. Kanisa hilo huitwa Mtakatifu Martin wa Mashambani, kwa kuwa zamani lilikuwa nje ya mji, katikati ya mashamba. Jengo la sasa lilichorwa na James Gibbs na kumalizika mwaka 1726. Siku za Sheppard hapakuwa na shamba tena wala hata bustani ya mchicha. Kanisa lilisimama kando ya uwanja wa Trafalgar, mahali ambapo London nzima hupita. Jirani palikuwa na majumba ya michezo, mahoteli, ofisi za serikali, hospitali, na stesheni ya gari la moshi ya Charing Cross. Mipaka ya parishi inachukua hata jumba la mfalme la Buckingham. Na katika ngazi na vichochoro vya parishi hiyo hiyo walilala watu wasio na kwao.

Watu wengi walipita, lakini walioingia walikuwa wachache. Lilikuwa kanisa la heshima na la kale, lenye jengo zuri, na mkutano wake ulikuwa mdogo.

Kabla hajasimikwa, Vita Kuu ilianza. Sheppard alikwenda Ufaransa kuwa kasisi katika hospitali ya askari. Miezi michache ilitosha. Alikaa na vijana waliokatwa viungo, akawashika mikono waliokuwa wakifa, akarudi nyumbani mgonjwa. Lakini alirudi na picha moyoni mwake, nayo aliieleza kwa watu wake aliposimikwa mwezi Novemba 1914. Aliona kanisa lile likiwa na taa zinazowaka usiku na mchana, na milango yake wazi. Wakaingia humo watu wa kila namna, matajiri na maskini, waliovaa vizuri na waliochakaa, wenye imani na wasio na hakika, wengine kusali, wengine kupumzika tu, wala hakuna aliyeulizwa amefuata nini. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa ratiba yake ya kazi tangu siku ile.

Juma zima

Jambo la kwanza lilikuwa kufungua mlango. Magari ya moshi yaliwaleta askari kutoka vitani saa zo zote za usiku, wamechoka, wana matope ya mahandaki, na wengine hawana pa kwenda mpaka asubuhi. Sheppard aliagiza kanisa lisifungwe. Askari wakaingia, wakalala kwenye viti, na vyumba vilivyo chini ya kanisa vikawa mahali pa kupata joto na chai. Ndege za adui zilipokuja kuangusha mabomu, watu wa mitaa ya karibu walikimbilia huko chini. Kisha vita vilikwisha mwaka 1918, tarehe 11 Novemba, siku ile ile ya Mtakatifu Martin, lakini mlango haukufungwa. Wale waliokuja sasa walikuwa askari wa jana ambao leo hawana kazi, na wanaume kwa wanawake wasio na nyumba. Wakapokewa vile vile.

Tuelewe vema kazi hiyo ilikuwa nini. Kuwaacha watu walale kanisani si jambo la hotuba nzuri. Lazima awepo mtu wa kukesha. Lazima maji yachemshwe, vikombe vioshwe, sakafu ipigwe deki kabla ya Ekaristi ya asubuhi. Wapo watakaokuja wamelewa, wapo wenye chawa, wapo watakaogombana. Si rahisi kwa Mkristo aliyezoea kiti chake kukubali kwamba usiku uliopita kilikuwa kitanda cha mtu asiyemjua. Sheppard hakuwaficha watu wake gharama hiyo, lakini alishika jambo moja: kama Kristo angekuja London, angepatikana miongoni mwa wale walio nje, basi kuwafungia wao mlango ni kumfungia Yeye.

Jambo la pili lilikuwa ibada yenyewe. Sheppard aliipenda Sala ya Kanisa aliyolelewa nayo, lakini aliona kwamba mtu anayeingia kwa mara ya kwanza hupotea katika maneno asiyoyafahamu. Kwa hiyo pamoja na Ekaristi na sala za kila siku aliweka ibada fupi na nyepesi, zenye nyimbo ambazo kila mtu angeweza kuziimba, na mahubiri ya lugha ya kawaida kama mtu azungumzavyo na rafiki. Hakuwa msomi wa elimu ya dini, wala hakujidai kuwa hivyo. Alisema habari za upendo wa Mungu, za msamaha, na za namna ya kuishi siku ya Jumatatu. Muda si muda watu walianza kusimama mistari nje ya kanisa Jumapili jioni wakingoja milango ifunguliwe kwa ibada.

Jambo la tatu lilikuwa ukaribisho wa moyo. Milango ya mbao yaweza kuwa wazi, na huku milango ya mioyo imefungwa. Sheppard alitaka mwenye mashaka aweze kusema mashaka yake kanisani bila kukemewa. Alitaka Wakristo wa madhehebu mengine wajione wako nyumbani, na aliamini kwamba meza ni ya Bwana, si mali ya dhehebu. Waigizaji wa michezo, walioonwa na wengi kuwa watu wa ovyo, walimjua kama rafiki. Kadhalika watumishi wa mahoteli, polisi wa zamu, wauza maua, na wanawake waliotembea mitaani usiku. Katika mambo hayo wenzake wengine katika ukasisi walimwona kuwa amelegeza kamba mno. Yeye aliona kwamba wapotevu hawarudishwi kwa kamba.

Jambo la nne ni lile ambalo sisi tunaotoa gazeti hili hatuwezi kulipita. Parishi ya Mtakatifu Martin ilikuwa na gazeti lake, St Martin's Review. Magazeti ya parishi mengi ya wakati ule yalikuwa na orodha ya ibada, hesabu za sadaka, na tangazo la chai ya akina mama. Sheppard hakuyadharau hayo, lakini aliwaomba waandishi mashuhuri wamwandikie juu ya mambo ya nchi, ya kazi, ya amani na ya imani. Gazeti likasomwa mbali sana nje ya mipaka ya parishi.

Na zaidi ya hayo yote kulikuwa na kazi isiyoonekana, nayo ndiyo iliyomjaza siku zake: kuwatembelea wagonjwa, kuandika barua, kumtafutia mtu kazi, kukaa usiku wa manane na aliyefiwa. Aliandika barua nyingi kwa mkono wake mwenyewe, nyingine za mistari miwili tu, kwa mtu aliyemkumbuka kuwa leo ni siku yake ngumu.

Sauti iliyovuka kuta

Tarehe 6 Januari 1924, Sikukuu ya Epifania, ibada ilitangazwa redioni kutoka kanisa la Mtakatifu Martin. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shirika la BBC kutangaza ibada kamili kutoka ndani ya kanisa. Leo sisi tumezoea kusikia ibada redioni hata hatushangai, lakini siku hizo lilikuwa jambo la mashaka makubwa. Makasisi walikuwapo waliohofu kwamba watu wangesikiliza maneno matakatifu wakiwa katika vilabu vya pombe, wamevaa kofia na vikombe mkononi. Wengine walihofu makanisa yatabaki matupu.

Sheppard alilitazama jambo kwa upande mwingine. Alimfikiria mgonjwa asiyeinuka kitandani kwa miaka, mzee anayekaa peke yake, mlinzi wa mnara wa taa baharini, na yule aliyeudhiwa na Kanisa zamani na ambaye asingevuka kizingiti chake tena. Kama wao hawawezi kuja, basi sala iwaendee. Ibada kutoka Mtakatifu Martin ikawa ikisikika kila mwezi, na barua zikamiminika kutoka kwa watu ambao hawakupata kuliona kanisa lile lakini waliliita la kwao. Wakati wa Krismasi watu hao walianza kutuma fedha kwa ajili ya maskini, na ombi hilo la Krismasi kwa redio limeendelea hata miaka yetu hii.

Jambo jingine la siku hizo lastahili kutajwa. Mwaka 1925 palipangwa dansi kubwa katika ukumbi wa Albert, London, usiku wa tarehe 11 Novemba, kusherehekea ushindi na kukusanya fedha za kusaidia watu. Sheppard aliandika gazetini kupinga. Aliona kwamba usiku ambao wajane na mayatima wanalia, na askari wa zamani wanauza viberiti njiani, si usiku wa kucheza. Wengi walimkasirikia, lakini dansi ikasogezwa siku nyingine, na ukumbi ule ukajaa watu waliokuja kusali na kuwakumbuka waliokufa, naye akiwaongoza.

Hali kadhalika alitaka Kanisa zima la Uingereza libadilike. Mwaka 1917 yeye na William Temple, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, walianzisha harakati ya kudai Kanisa lipewe uwezo wa kuamua mambo yake, na walei wawe na sauti. Bunge lilipitisha sheria juu ya jambo hilo mwaka 1919. Temple aliridhika kwa sehemu kubwa. Sheppard hakuridhika, kwa maana aliona vikao vimeongezeka kuliko upendo. Kitabu alichokitoa mwaka 1927 kilijaa kutovumilia huko, na kilisomwa sana.

Mzigo wa mtu mmoja

Sasa twafika kwenye sehemu ya habari hii ambayo ni chungu. Padre Sheppard alikuwa na ugonjwa wa pumu. Usiku wengine walipolala, yeye mara nyingi alikaa kitini akitafuta pumzi. Asubuhi alisimama tena mbele ya watu akicheka na kuwatia moyo, na wachache sana walijua alivyoupitisha usiku. Mwaka 1926 mwili ulikataa kabisa, akajiuzulu ukasisi wa Mtakatifu Martin. Mwaka 1929 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Canterbury. Watu wakajaa huko pia. Lakini mwaka 1931 ugonjwa ulimlazimisha kuacha. Mwaka 1934 akawa kanoni wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London.

Mwaka huo huo wa 1934 alichukua mzigo mwingine. Aliandika barua magazetini akiwaomba wanaume walioikataa vita wamtumie kadi ya posta kusema hivyo. Kadi zilimfikia kwa maelfu, na mwaka 1936 kikaundwa chama cha watu walioahidi kutoshiriki vita tena, kilichopata wanachama zaidi ya 100,000. Rafiki zake wakubwa, akina Lang na Temple, hawakukubaliana naye katika hilo, na vita vilikuja mwaka 1939 hata hivyo. Wasomaji wetu nao watakuwa na mawazo mbalimbali. Sisi twasema hili tu, kwamba fikira ile ilitoka mahali pale pale ulipotoka mlango wazi. Aliwashika mikono vijana wanaokufa Ufaransa, akawalaza wenzao kanisani, akawaona wakiomba kazi barabarani. Hakuweza kuisahau sura ya hata mmoja wao.

Nyumbani mambo hayakuwa mema. Alikuwa amemwoa Alison Carver mwaka 1915, nao walipata mabinti wawili. Lakini mlango ulio wazi kwa kila mtu huifanya nyumba kuwa njia ya watu wote, na mke na watoto hupata mabaki ya siku. Mwaka 1937 mkewe aliondoka. Hatutaki kumhukumu ye yote katika jambo hilo. Lakini tungekuwa tunawadanganya wasomaji kama tungesimulia furaha ya umati na kuacha upweke wa mtu mwenyewe. Yule aliyewafariji maelfu alikaa peke yake katika nyumba kubwa karibu na Mtakatifu Paulo, akipigania pumzi, akiendelea kujibu barua.

Mwezi Oktoba 1937 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Glasgow walimchagua kuwa Rekta wao, akimshinda Winston Churchill pamoja na wengine. Siku chache baadaye, tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, alikutwa amekufa mezani pake pa kazi. Alikuwa na umri wa miaka 57.

Mwili wake ulilazwa katika kanisa la Mtakatifu Martin. Watu walipita mbele yake usiku na mchana, bila mstari kukatika: wenye magari na wenye viatu vilivyotoboka, wazee waliopata kulala kwenye viti vile walipokuwa askari, wasichana wa madukani, maaskofu, waigizaji. Picha aliyoieleza mwaka 1914 ilitimia mbele ya jeneza lake. Ibada ya mazishi ilifanyika Mtakatifu Paulo, akazikwa Canterbury, kwenye ua wa Kanisa Kuu.

Kilichobaki

Mchungaji anayependwa hivyo akiondoka, mara nyingi kazi humfuata kaburini. Ya Mtakatifu Martin haikumfuata. Kasisi aliyempokea, Pat McCormick, aliushika mlango tangu mwaka 1927 hadi alipofariki mwaka 1940, na wakati wa Vita Kuu ya Pili vyumba vya chini vilijaa tena watu waliokimbia mabomu. Mwaka 1966 shirika la Shelter, linalopigania watu wasio na makao, lilizinduliwa katika kanisa hilo. Ubalozi wa Afrika Kusini uko jirani yake kabisa, na katika miaka ya 1980 watu waliopinga ubaguzi wa rangi walikesha nje ya ubalozi huo usiku na mchana. Miongoni mwa viongozi wa mapambano hayo alikuwa marehemu Trevor Huddleston, ambaye sisi wa Afrika Mashariki twamkumbuka kwa kuwa alikuwa Askofu wa Masasi tangu 1960 hadi 1968. Wachina wa London wana mkutano wao humo kwa lugha yao. Na kazi ya kuwahudumia wasio na makao imekua ikawa na jengo na watumishi wake, kando ya kanisa.

Kwa nini kazi haikufa? Twaona sababu ni kwamba Sheppard, pamoja na kujibebesha mno yeye mwenyewe, aliwafundisha watu wake kufanya kazi. Aliyekesha chini ya kanisa na birika la chai hakuwa kasisi peke yake. Walikuwa makarani, akina mama wa nyumbani, mafundi na wanafunzi, waliokuja kwa zamu baada ya kazi zao. Kasisi alipoondoka, zamu zilibaki. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na katika kanisa lile neno hilo lilikuwa kweli kwa namna zote mbili.

Na sisi je?

Hatuna uwanja wa Trafalgar, wala baridi ya theluji. Lakini twaomba kila msomaji atafakari mambo matatu pamoja na jamaa yake, au katika kikundi chake cha sala.

Kwanza, kufuli. Tunajua wezi wapo, na vyombo vya altare vina thamani. Lakini je, katika juma zima, kuna saa hata moja ambayo mtu mwenye huzuni aweza kuingia kanisani kwetu akakaa kimya bila kumtafuta mwenye ufunguo? Kama saa hiyo haipo, zamu ya watu wawili yatosha kuileta.

Pili, kiti. Mgeni akiingia Jumapili, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa, mlevi anayetaka kuacha, kijana mwenye maswali magumu, au jirani wa dini nyingine aliyekuja kwa mazishi, je, hukuta nafasi imesogezwa, au hukuta macho yamemkodolea? Wahenga hunena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi kwa kumpokea yeye tutapona magonjwa yetu ya kiburi.

Tatu, kasisi wetu. Mara ngapi tumempelekea kila mgonjwa, kila ugomvi wa ndoa, kila mtoto aliyekosa ada, kisha tukalalamika kwamba hakufika kwetu? Nani humuuliza yeye amelalaje? Nani humwachia mkewe na watoto jioni moja katika juma? Mlango wa Mtakatifu Martin ulifunguliwa na mtu mmoja, na karibu umuue. Ulibaki wazi kwa kuwa wengi waliushika. Tusingoje mpaka mtumishi wetu akutwe mezani pake ndipo tusimame mistari kumlilia.

Wazee wa kanisa, Umoja wa Akina Mama, vijana na wanakwaya, kazi ya kuligawa joho ni yetu sote. Mtakatifu Martin alilikata kwa upanga mara moja, mbele ya mtu mmoja. Sisi tumepewa kulikata kila juma, kidogo kidogo, kila mmoja upande wake.

Ee Mungu, uliyemwita mtumishi wako kuifungua milango ya nyumba yako kwa wote, utupe neema tusimfungie mtu ye yote uliyemkaribisha wewe, na tuchukuliane mizigo, asije mmoja akaanguka peke yake chini ya mzigo uliokuwa wetu sote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.